Hazina ya Mjerumani yawatoa watu jasho milima ya Kanama

KILA kiangazi kikiingia, kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, barabara ya kutoka Musanze kwenda Rubavu hujaa vumbi na milima ya Kanama hupata wageni. Wengine ni vijana wa mjini wanaopanda siku za mapumziko kupunga upepo, kula mahindi ya kuchoma na kuitazama milima ya volkano kwa mbali. Wengine huja na sururu.

Hawa wa pili ndio ninaotaka tuwazungumzie leo, ndugu msomaji. Nakulenga hasa wewe unayevuka mpaka kwenda Goma kila asubuhi na mtaji wako kiunoni, na wewe uliyerudi nyumbani juzi juzi kutoka Kongo, Uganda au Tanzania ukiulizia shamba la marehemu babu yako. Ninyi ndio mnaotafutwa.

Simulizi yenyewe nimeisikia sokoni Mahoko zaidi ya mara moja, na kila msimulizi ana nyongeza yake. Kwamba Wajerumani walipokimbia Gisenyi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walibeba masanduku ya dhahabu. Mzigo ukawashinda mlimani, wakauzika chini ya mti na kuweka jiwe la alama. Mti ulishakatwa, jiwe limeviringika, lakini yupo mzee mmoja anayejua mahali. Mzee huyo siku zote anaumwa, na siku zote inahitajika pesa kidogo ya kumtoa nyumbani.

Tuanze na ukweli, maana uongo mzuri haukosi chembe ya ukweli. Ni kweli Wajerumani walikuwa na kituo cha kijeshi Gisenyi. Ni kweli mwaka 1914 kikosi chao kilikiteka kisiwa cha Idjwi katikati ya ziwa Kivu. Ni kweli pia kwamba Aprili 1916 Wabelgiji chini ya Charles Tombeur walianza mashambulizi makubwa kutoka upande wa Kongo, wakaingia Kigali mwezi Mei, na Kapteni Max Wintgens aliyeongoza Wajerumani wa Rwanda akaondoka na watu wake kabla hajazingirwa. Walirudi nyuma hadi Tabora, mji ambao nao uliangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 19, 1916.

Na dhahabu? Ilikuwepo, ila haikuwa huku. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wamezifunga bandari zote na fedha kutoka Ulaya haziingii, Wajerumani walitengeneza sarafu zao wenyewe Tabora. Walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakafua sarafu ya rupia 15, upande mmoja tembo na nyuma yake milima. Zilitoka zipatazo 16,000, kila moja gramu 7 na kidogo. Leo ukiwa nayo halisi, wakusanyaji wa sarafu Ulaya na Marekani watakupa bei inayopita mara nyingi thamani ya dhahabu iliyomo.

Sasa fikiri mwenyewe. Sarafu zilifuliwa Tabora, mamia ya kilomita kutoka hapa, katika mwaka uleule ambao askari wa Gisenyi walikuwa wanakimbilia Tabora. Walikuwa wanakwenda ziliko pesa, hawakuwa wanatoka nazo. Tena koloni zima lilikuwa na njaa ya fedha, hata serikali ikachapisha noti kwenye karatasi za ovyo na kufua senti kutokana na mabaki ya shaba. Jeshi linalolipa kwa karatasi linayapata wapi masanduku ya dhahabu ya kuzika Kanama?

Kinachookotwa huku ni vitu vidogo. Jirani yetu mmoja alipalilia viazi akaibua heller 10 yenye tundu katikati. Aliifunga kwenye kamba mtoto akaivaa shingoni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi ardhi yetu haina vilivyofichwa. Vimo, na wengi wenu mnajua kwa sababu mlivificha wenyewe. Julai 1994, familia yetu ilipokimbilia Goma, mama mkubwa alizika nyuma ya jiko sufuria mbili, kichwa cha cherehani kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na mkebe wa maziwa wenye noti. Tuliporudi Novemba 1996, katika lile wimbi la mamia ya maelfu ya watu waliopita Gisenyi kwa miguu, alikwenda moja kwa moja jikoni akachimba kabla hajakaa.

Sufuria zilikuwa nzima. Cherehani ilikuwa na kutu, fundi akaioga mafuta ya taa siku tatu ikazunguka. Noti zilikuwa zimegeuka uji, na hata zisingeoza zisingenunua chumvi: mwanzoni mwa 1995 Serikali mpya ilishabadilisha noti zote, kwa kuwa waliokimbia walikwenda na akiba ya Benki Kuu. Cherehani ile ilitusomesha watoto wanne.

Wenzetu wa ng'ambo walionja hayo hayo. Zaire ilipoleta zaire mpya mwaka 1993, zaire milioni 3 za zamani zikawa moja. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, na hizo zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Uganda mwaka 1987 ilikata sifuri mbili na kutoza asilimia 30 juu yake. Kenya ilizifuta noti za zamani za shilingi 1,000 Oktoba 1, 2019. Mwenye noti chini ya ardhi anazika karatasi.

Turudi kwa wenye sururu. Wanaochimba kwa ujinga wao ni wachache. Hatari zaidi ni wale wanaouza shimo. Mwanamke mmoja tunayevuka naye mpaka mdogo, anayepeleka karoti na kabichi Goma, aliombwa dola 150 za "kumfungulia mzee mdomo", kisha 200 za mganga wa kuwaondoa mizimu, kisha 300 za kukodi mashine ya kutambua madini. Mwisho alioneshwa kipande cha manjano, akaambiwa sanduku limeonekana ila linahitaji gari. Gari hakuliona, mzee hakumwona, na kabichi siku hizi anapewa kwa mkopo.

Asijione mjinga peke yake. Februari 2011 ndege binafsi ilizuiwa uwanja wa Goma baada ya wageni wenye elimu na mawakili kuja kununua dhahabu. Mamilioni ya dola yakapotea. Kama waliobebwa na ndege binafsi wanalizwa, itakuwaje mwenye kikapu?

Ukioneshwa "dhahabu", fanya hesabu ya mama mwenye mtoto. Chukua chupa ya kunyonyesha yenye alama za mililita, tia maji, kisha tumbukiza kipande ulichokipima mizani. Gramu 100 za dhahabu safi hupandisha maji kwa mililita 5 na kidogo tu. Shaba ya manjano ya uzito huohuo hupandisha karibu 12. Kipimo hiki hakitoshi kukuruhusu kununua, kwani yapo madini mengine mazito yanayopakwa dhahabu juu, lakini kinatosha kukufanya uondoke. Mwuzaji anayekataa maji amekwisha kukujibu.

Yako pia yanayozidi pesa. Aprili 2023 watu 6, wakiwemo wanafunzi, walifukiwa katika shimo la madini lisilo halali huko Kinazi, wilayani Huye. Mwezi uliofuata mvua ya usiku mmoja iliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, na mto Sebeya ukabomoa nyumba hapa kwetu. Mlima uliotobolewa kiangazi haupendi kungoja masika. Hata sheria haipo upande wako: madini ni mali ya Serikali, kuyachimba bila leseni ni kosa, na vitu vya kale vinalindwa na sheria ya urithi ya mwaka 2016.

Zaidi ya yote, ardhi hii imewameza watu. Huye huko huko, kuanzia mwishoni mwa 2023, mamia ya miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994 ilifukuliwa chini ya makazi ya watu. Ukichimba kwa pupa usiku unaweza kugonga mfupa wa mtu ambaye ndugu zake wanamtafuta mpaka leo. Hapo sururu iwekwe chini na uongozi uitwe, siku hiyohiyo.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Huko Arizona, jangwa la kusini magharibi mwa Marekani, watu hutafuta mgodi unaodaiwa kuachwa na mhamiaji mmoja, Jacob Waltz, aliyefariki mwaka 1891. Ajabu ni kwamba naye alikuwa Mjerumani! Wenye busara hupanda milima ya Superstition miezi ya baridi, wakatembea, wakala chakula chao, wakarudi nyumbani bila dhahabu na bila majuto. Julai 2010 wanaume watatu walikwenda kuitafuta wakati wa joto kali. Hawakurudi.

Basi kiangazi hiki pandeni Kanama. Milima haina kiingilio, hewa ni safi, na watoto waliozaliwa ughaibuni wanahitaji kuoneshwa mipaka ya mashamba wangali wazee wanaoijua wako hai. Elimu hiyo ya wazee haiuzwi kwa dola 150, na ikizikwa haifukuliki. Ila mtu akikunong'oneza kuhusu masanduku, mwulize swali moja: kama anajua yalipo, mtaji wako anautakia nini?