Redio ya mkononi yenye usimbaji fiche

Redio ya mkononi yenye usimbaji fiche ni redio ndogo ya kurusha na kupokea sauti ambayo huyavuruga maneno ya msemaji kwa kanuni ya hesabu, hata asiye na ufunguo asikie kelele tu. Redio za mkononi kwa jumla huitwa pia redio koli, redio ya upepo au wokitoki. Hutumiwa na polisi, askari wa wanyamapori, waokoaji, wachimbaji madini na walinzi, hasa mahali ambapo simu haishiki mtandao. Makala hii inahusu namna ya kuchagua redio ya aina hiyo kwa bei nafuu, kwa ajili ya kazi ya siku nyingi nje ya mji.

Historia

Donald Hings alitengeneza redio ya kubebeka nchini Kanada mwaka 1937, na Alfred Gross alitengeneza ya kwake nchini Marekani mwaka 1938. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilizieneza haraka. Kasoro yake ilijulikana tangu mwanzo: kila mwenye redio ya masafa yaleyale husikia. Kasoro hiyo ingali hai. Mwaka 2022, katika vita vya Ukraine, mazungumzo mengi ya askari wa Urusi waliotumia redio za kawaida yalinaswa na kurekodiwa hata na raia.

Faragha ya jina tu

Mnunuzi aanze kwa kutahadhari na neno "faragha" lililoandikwa kwenye boksi. Redio nyingi za bei ya chini husifiwa kuwa na "misimbo ya faragha", kumbe ni mlio mwembamba uitwao CTCSS, unaosafiri pamoja na sauti. Mlio huo huzuia redio yako isipige kelele za watu wengine. Hauwazuii wao kukusikia wewe. Ni sawa na kuziba masikio yako na kudhani umewafunga wengine midomo.

Aina ya pili hugeuza sauti juu chini, nyembamba ikawa nzito na nzito ikawa nyembamba. Programu rahisi ya kompyuta huirudisha ilivyokuwa, kwa hiyo nayo si usimbaji wa kutegemea.

Urefu wa ufunguo

Usimbaji wa kweli hupatikana katika redio za kidijitali, na iliyo nafuu zaidi kati ya hizo kwa kawaida ni ya mfumo wa DMR, uliotolewa na taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, mwaka 2005. Lakini si kila DMR ni sawa. Katika baadhi ya redio, ngazi ya msingi ina funguo 255 tu, ambazo mtu mvumilivu anaweza kuzijaribu zote. Ngazi ya kati hutumia ufunguo wa biti 40, yaani funguo zipatazo trilioni 1.1. Idadi hiyo inatisha masikioni, si kwa kompyuta: mwaka 1998 mashine iliyojengwa Marekani ilivunja ufunguo wa DES wa biti 56 kwa muda wa saa 56. Ngazi ya kutafuta ni AES yenye biti 256. Kanuni ya AES ilibuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikawa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001.

AES inajulikana hadharani, na hilo ni jambo jema. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo mzuri hubaki salama hata adui akiujua wote, mradi ufunguo uwe siri. Mfano wa kinyume ni TETRA, mfumo wa gharama kubwa unaotumiwa na polisi wa nchi nyingi. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa TEA1, mojawapo ya kanuni zake zilizofichwa, hupunguza ufunguo wa biti 80 kuwa biti 32.

Kabla ya kulipa, jaribu redio mbili pamoja, tena za mtengenezaji mmoja ikiwezekana. AES ya kampuni moja huenda isielewane na ya nyingine.

Betri na umbali

Porini, betri huamua mengi kuliko usimbaji. Tuchukue redio ya wati 5 inayotumia ampea 1.5 inaporusha, 0.2 inapopokea na 0.07 inaponyamaza. Ikirusha asilimia 5 ya muda na kupokea asilimia 5, wastani wake ni ampea 0.15 hivi, betri ya mAh 2,000 itadumu saa 13. Kwa hiyo kila mtu awe na betri mbili, na kikundi kiwe na paneli ya jua. DMR husaidia hapa, kwa kuwa kirushio huwaka nusu tu ya muda wa kuongea. Alama ya IP67 humaanisha redio haiingizi vumbi na huhimili dakika 30 ndani ya maji ya kina cha mita 1.

Umbali unaotajwa kwenye tangazo usiaminiwe. Watu wawili waliosimama kwenye tambarare huzuiwa na mviringo wa dunia baada ya kilomita 10 hivi. Penye vilima na miti, kilomita 2 au 3 si haba. VHF hufaa mbugani, UHF ndani ya majengo.

Matumizi

Usimbaji hauifichi redio yenyewe: anayesikiliza hutambua kuwa kuna anayerusha, anaweza kutafuta upande aliko, na katika DMR namba ya redio husomeka wazi. Redio ikipotea, ufunguo umepotea nayo, hivyo zote zilizobaki zibadilishwe ufunguo siku hiyohiyo. Kosa la kawaida zaidi ni la mtumiaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza mwaka 2011 jinsi maofisa wa serikali ya Marekani walivyozungumza siri bila usimbaji huku wakidhani umewashwa, kwa sababu alama ya swichi haikueleweka vizuri.

Sheria

Masafa hutolewa kwa leseni: nchini Tanzania na TCRA, nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Wenye leseni ya redio ya ridhaa hawaruhusiwi kuficha maana ya mazungumzo yao na vituo vya ridhaa vya nchi nyingine, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za redio. Anayehitaji usimbaji huomba masafa ya kazi.