Moyo na Nasaba Huko Afrika Kusini

Mwaka 1696, Rasi ya Tumaini Jema ilipokuwa chini ya kampuni ya biashara ya Waholanzi, mtu mmoja alihama kwao Ureno na kwenda kuanza maisha huko. Kizazi chake kikaingia katika jamii ya Makaburu. Pamoja na jina, aliwaachia wazawa wake kasoro ya moyo ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuijua, na ambayo madaktari Brink na Torrington waliieleza kitaalamu mwaka 1977.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme mdogo unaozaliwa ndani yake wenyewe, ukasafiri katika nyuzi maalumu kutoka vyumba vya juu hadi vya chini. Kwa wenye maradhi haya nyuzi hizo hudhoofika polepole. Aghalabu tawi la kulia hutangulia kuziba. Wakati huo mtu hulima, hucheza mpira, wala hasikii lolote. Ni mashine ya kupima umeme wa moyo tu inayoliona tatizo. Hatimaye njia yote yaweza kukatika. Hapo huja kizunguzungu, kuzimia, na pengine kifo cha ghafla.

Kila mtu hurithi jeni mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Katika maradhi haya jeni moja mbovu yatosha. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro, awe wa kike au wa kiume, ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Wako wanaodhani kwamba mtoto wa kwanza akiipata, wa pili ameokoka. Sivyo, kila mimba ni kura mpya.

Mwaka 1995 watafiti walibaini kwamba jeni hiyo imo katika kromosomu ya 19, na mwaka 2009 ikatambuliwa kuwa ni TRPM4. Kazi yake ni kutengeneza vilango vya kupitishia sodiamu na potasiamu katika utando wa chembe hai. Badiliko dogo mno huifanya chembe ishindwe kuviondoa vilango hivyo kwa wakati wake, vikazidi kiasi.

Tiba ipo: betri ya moyo, ambayo hupandikizwa kifuani na kutoa amri badala ya nyuzi zilizoharibika. Kwa hiyo mgonjwa mmoja akigunduliwa, ndugu zake wote wa damu hupaswa kupimwa, hata walio wazima wa afya. Aliye hatarini zaidi ni yule aliyehamia mbali na ukoo, asiyejua kwa nini babu yake alianguka ghafla akafa.