Nyasi Zilizozoea Kiangazi cha Makueni

Katika nyanda kavu za Makueni, kusini mashariki mwa Kenya, Wakamba huzijua nyasi zao za asili moja moja kwa majina: ndata kivumbu, mbeetwa, nguu, kilili. Mvua huko huja misimu miwili kwa mwaka, na mara nyingi hukatika kabla ya wakati. Nyasi hizi zimeumbika kwa hali hiyo.

Ndata kivumbu, inayojulikana kisayansi kama Cenchrus ciliaris, huweza kushusha mizizi hadi mita 2. Kitako cha shina lake kimevimba na kuhifadhi wanga. Majani yakikauka au yakiliwa, akiba hiyo ndiyo inayotoa machipukizi udongo ukilowa tena.

Majani nayo yana ufundi wake. Kila mmea hufungua vitundu vidogo ili uvute hewaukaa, na kwa vitundu hivyohivyo maji hutoroka. Nyasi hizi hutumia aina ya usanisinuru iitwayo C4: hewaukaa hunaswa kwanza, kisha hurundikwa ndani ya seli zinazozunguka mishipa ya jani, ambako sukari hutengenezwa. Kwa hiyo hata vitundu vikifunguka kidogo tu, kazi huendelea. Mahindi na mtama hufanya vivyo hivyo.

Jua peke yake, basi, haliwezi kuzimaliza kwa urahisi. Kinachozimaliza ni malisho yasiyopumzishwa.

Mifugo ikirudia kula chipukizi bila kikomo, akiba ya shina huisha. Udongo ulioachwa uchi hupigwa na matone ya mvua hadi ukafanya gamba gumu. Maji hutiririka juu, na mbegu hukosa unyevu. Ndiyo maana huko Kibwezi, ndani ya Makueni, watafiti na wakulima wamepasua gamba hilo kwa plau ya ng'ombe, wakapanda mbegu kwenye mifereji inayonasa maji. Nguu huota upesi na kufunika ardhi. Mbeetwa hupendwa sana na ng'ombe. Zikishika, mkulima huuza mbegu na marobota ya nyasi kavu.

Ustahimilivu huohuo wa nyasi hizi umeleta balaa ugenini. Nchini Australia, ambako inadhaniwa ilifika karne ya 19 ndani ya matandiko ya ngamia, ndata kivumbu imekuwa gugu linalosonga mimea ya huko na kuchochea mioto mikali. Lakini Makueni ni kwao, na huko huota pamoja na jamaa zake. Eneo lililochakaa likipandwa mbegu hizi na kufungwa kwa mifugo hadi zikomae, malisho hurudi.