Kanseri ya ngozi: namna gani labo inaona kipande cha kromozomu kilichopotea?

Kidonda kwenye pua ao kwenye sikio kinakauka, kinarudi, miezi inapita. Munganga anakata kipande kidogo na kukituma labo. Kule wanatafuta nini?

Kwanza wanaangalia kwa mikroskopu, na mara nyingi hiyo inatosha kujua kama ni kanseri ao hapana. Lakini watafiti wanashuka chini zaidi, mpaka kwenye kromozomu.

Karibu kila chembe ya mwili, ile shuleni tuliita selile, inabeba kromozomu 46, jozi 23: nusu toka kwa baba, nusu toka kwa mama. Fikiria pikipiki yenye freni mbili. Moja ikikatika, nyingine bado inakusaidia. Zote mbili zikikosa, inateremka bila kusimama. Ni vile vile kwa jeni zinazozuia chembe zisiongezeke ovyo.

Sasa, unaonaje kitu ambacho hakipo? Hapa watafiti walikuwa wajanja. Wanachukua vitu viwili kwa mgonjwa mmoja: damu yake na kipande cha uvimbe. Kwenye sehemu fulani za kromozomu, urithi wa baba na ule wa mama hauna urefu mmoja, kwa hiyo kipimo cha damu kinaonyesha mistari miwili. Uvimbe ukionyesha mmoja tu, kipande kimeenda. Lakini inaomba uangalifu: ngozi nzima ikichanganyika na uvimbe, mstari uliopotea unaonekana tena na kudanganya.

Kwa njia hiyo, mwaka 1992 watafiti waliandika kwamba katika kanseri ya ngozi inayoitwa karsinoma bazoselulari, kipande cha kromozomu ya 9 hupotea mara kwa mara. Walifuata alama hiyo, na mwaka 1996 jeni yenyewe ikajulikana: PTCH1. Ndiyo freni. Mwaka 2012 Marekani iliruhusu vismodegib, dawa ya kumeza inayofunga njia ambayo freni hiyo ilikuwa inaizuia. Ni ya wagonjwa ambao upasuaji hauwafai tena, na mwanamke mwenye mimba asiimeze hata kidogo, inaharibu mtoto.

Ndugu zetu wenye ualbino, wanaochomwa na jua shambani na sokoni toka utoto, wako katika hatari kubwa zaidi. Huku Afrika kanseri inayowapata sana ni aina nyingine, karsinoma ya skwamasi. Kwao pia, kutibiwa hakungoji kipimo cha kromozomu. Kidonda kikimaliza mwezi bila kupona, kionyeshwe kwa munganga kingali kidogo, wakati kisu bado kinaweza kukiondoa chote.