Mgongo wa Aketiye Kuandika: Kinga na Tiba ya Maumivu ya Mgongo na Shingo kwa Wafanyakazi wa Ofisini

Wazazi wengi wa Ludewa wamewasomesha watoto wao kwa tumaini kwamba mtoto akishika kalamu ataepukana na mgongo unaomtesa mshika jembe. Tumaini hilo ni jema, lakini limetimia nusu. Mwalimu, mhasibu, mtendaji wa kata, karani wa hospitali na katibu muhtasi wa parokia hawainami shambani tangu alfajiri, na bado wengi wao hurudi nyumbani jioni wameshika kiuno, shingo imekakamaa na kichwa kinagonga. Kwa kuwa hawakubeba mzigo wowote, baadhi yao huona aibu kulalamika. Wengine huanza kuamini kwamba wametupiwa kitu na jirani, na hapo maumivu ya mwili huzaa pia uhasama katika mtaa na hata katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maumivu hayo hutoka wapi, namna ya kuyazuia kwa vitu tulivyo navyo, na wakati gani hayapaswi kuvumiliwa bali kupelekwa kwa daktari.

Tatizo la wengi, tena la zamani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo mwaka 2050 idadi hiyo itafika milioni 843. Maumivu haya ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kutenda kazi zao kikamilifu.

Wala hayakuletwa na kompyuta. Mapema katika karne ya 18, tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini, anayehesabiwa kuwa baba wa tiba ya magonjwa ya kazini, alichunguza maradhi ya makarani na waandishi wa zama zake. Alitaja sababu tatu: kukaa bila kuinuka, kurudia mwendo uleule wa mkono, na kuikaza akili ili hesabu zisikosewe. Karani wa leo anayefunga hesabu za mwisho wa mwezi angejiona mwenyewe katika maelezo hayo.

Kwa nini kukaa kunaumiza

Uti wa mgongo una pingili 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, na zilizosalia zimeungana katika mfupa ulio chini ya kiuno na katika kifandugu. Kati ya pingili nyingi kuna mito ya gegedu iitwayo diski. Kwa mtu mzima, sehemu kubwa ya diski haina mishipa yake ya damu. Hupata lishe kwa majimaji yanayopenya kutoka kwenye mifupa jirani, na mwendo wa mwili husaidia kazi hiyo. Mgongo, basi, umeumbwa utembee, uiname, uinuke na ugeuke.

Misuli nayo huchoka hata pasipo mzigo mzito. Mtu akinyoosha mkono akashika kikombe cha chai, hahisi uzito wowote. Akiendelea kukishika hivyo kwa dakika kumi, mkono utatetemeka. Ndivyo ilivyo kwa shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, karibu sawa na dumu la maji la lita tano. Kikikaa juu ya mabega, mifupa hukibeba bila taabu. Kikitangulia mbele kuifuata kompyuta, au kikiinamia simu na madaftari ya wanafunzi, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta saa baada ya saa.

Katika nyanda zetu za juu lipo jambo la kuongeza. Wakati wa kipupwe, baridi hutufanya tupandishe mabega na kujikunyata bila kujua. Mavazi ya joto shingoni na mabegani ni sehemu ya kinga.

Tuseme pia jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hakuna mkao mmoja mtakatifu ambao ukiushika siku nzima utakuwa salama. Hata aliyenyooka kama mlingoti ataumia asiposogea. Adui mkubwa ni kutulia mno, na wasiwasi, msongo na kukosa usingizi huyazidisha maumivu.

Kiti, meza na kompyuta

Ofisi nyingi za kwetu zina viti vya plastiki, mabenchi au viti vya seremala, na meza zilizotengenezwa bila kumpima atakayezitumia. Viti vya bei kubwa si lazima. Tuangalie mambo yafuatayo:

1. Nyayo zote mbili zikae sakafuni, na magoti yawe karibu usawa wa nyonga. Kiti kikiwa kirefu mno, weka ubao au matofali chini ya miguu, au seremala apunguze miguu ya kiti.

2. Kalia kiti chote hadi nyuma, mgongo uguse egemeo. Penye uwazi kiunoni, weka kitenge kilichokunjwa au mto mdogo. Benchi lisilo na egemeo lisogezwe ukutani.

3. Meza iwe usawa wa viwiko mikono ikining'inia kwa utulivu, ili mabega yasipande wakati wa kuandika.

4. Ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, kwa umbali wa karibu urefu wa mkono. Kompyuta mpakato huwa chini mno. Iinuliwe kwa rimu mbili za karatasi au kisanduku, na itumike pamoja na kibodi na kipanya vya pembeni.

5. Simu iinuliwe kuelekea machoni. Isibanwe kati ya sikio na bega huku mikono ikiandika.

6. Mwalimu anayesahihisha madaftari ayaweke juu ya ubao ulioinama kidogo kumwelekea, badala ya yeye kuyainamia.

Kusimama kila nusu saa

Kiti kizuri kuliko vyote hakiwezi kuchukua nafasi ya mwendo. Kanuni rahisi ni kuinuka kila baada ya dakika 30, hata kwa dakika moja au mbili. Mwalimu anayo kengele ya vipindi. Asikae vipindi viwili mfululizo. Mfanyakazi wa parokia anayo kengele ya saa sita mchana. Anaposimama kusali Malaika wa Bwana, mgongo wake nao hupata haki yake. Faili lichukuliwe kwa miguu, simu ipokelewe kwa kusimama, na mwenzetu wa chumba cha pili afuatwe badala ya kutumiwa ujumbe.

Mazoezi haya hayahitaji vazi maalumu, na kila moja laweza kufanywa mara tano hadi kumi:

- Kaa wima, rudisha kidevu nyuma taratibu bila kuinamisha kichwa, hesabu hadi tano, achia.
- Inamisha sikio kuelekea bega, upande mmoja kisha mwingine, bila kulazimisha.
- Zungusha mabega kwenda nyuma, kisha yakutanishe mafupa ya bega mgongoni na uhesabu hadi tano.
- Simama, weka viganja kiunoni, jipinde nyuma kidogo kidogo, rudi.
- Nyumbani, lala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini. Inua nyonga, hesabu hadi tano, shusha.

Zoezi likileta maumivu makali au ganzi, liachwe. Zaidi ya hayo, mtu mzima anashauriwa kupata angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaopandisha mapigo ya moyo. Kwetu Ludewa milima inatusaidia: anayeacha bodaboda na kupanda kwa miguu nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, amekwisha kutimiza kiasi hicho. Utafiti umeonyesha kwamba mazoezi hupunguza uwezekano wa maumivu kurudi, lakini mikanda ya mgongo inayouzwa madukani haijathibitika kuyazuia.

Maumivu yakishaingia

Jambo la kwanza ni kutokuogopa. Maumivu mapya ya mgongo kwa watu wengi hupungua sana ndani ya wiki sita. La pili ni kutolala kitandani siku nyingi. Siku moja au mbili za kupunguza kazi zinatosha. Baada ya hapo, kutembea taratibu na kurudia shughuli kidogo kidogo huponya upesi kuliko godoro. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto, kama wazee wetu walivyofanya, husaidia kulegeza misuli, mradi maji yasiunguze ngozi. Kumpandisha mtoto akanyage mgongo, kuvutwa shingo kwa nguvu na kuchanjwa kwa wembe si tiba; vinaweza kuongeza jeraha au kuleta maambukizi.

Dawa za kutuliza maumivu zitumike kwa ushauri na kwa muda mfupi. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi huzinunua kama pipi, zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa kwa wazee, wajawazito na wenye shinikizo la damu.

Wengi pia hurudi kutoka kupigwa picha wakiwa na neno zito: pingili zimesagika. Neno hilo limewafanya watu waache kutembea na hata kuacha kazi. Ieleweke kwamba kulika kwa diski na pingili huonekana katika picha za watu wengi wasio na maumivu yoyote, na huongezeka kwa umri kama mvi. Pasipo dalili za hatari, mara nyingi picha si ya lazima mwanzoni. Fedha ya safari na vipimo ingefaa zaidi kumwona mtaalamu wa mazoezi tiba.

Dalili zisizopaswa kungojwa

Si kila mgongo unaouma unaumizwa na kiti. Aende hospitali siku hiyo hiyo mtu ambaye mkojo umeziba au unamtoka bila kujizuia, ana ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au miguu inapoteza nguvu. Vivyo hivyo aliyeumia kwa ajali au kuanguka, na mwenye shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana.

Asichelewe pia mwenye homa za mara kwa mara, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha usiku, au aliyewahi kuugua saratani. Hapa tunasema kwa uzito wa pekee. Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari kubwa zaidi ya kukipata. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa Mkoa wa Njombe una kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kifua kikuu cha mgongo kikigunduliwa mapema hutibika kwa vidonge. Kikicheleweshwa kwa kusingizia kiti, jembe au mchawi, chaweza kupindisha mgongo na kupoozesha miguu.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi wake. Kanisa nalo limekwisha kunena. Katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba mazingira yasiyodhuru afya ni haki ya mfanyakazi. Mafundisho hayo yanaihusu halmashauri, duka, shule na ofisi ya parokia bila upendeleo. Kabla ya kununua kompyuta mpya, kamati ya fedha iulize pia: atakayeitumia atakalia nini? Fundi seremala wa kijijini anaweza kurekebisha meza kwa gharama ndogo kuliko ya mwezi mmoja wa dawa. Vivyo hivyo wazazi na walimu wayatazame madawati, kwa maana mtoto huanza kujikunja darasani miaka mingi kabla ya kuajiriwa.

Wapo waamini wanaosema kwamba maumivu ni msalaba wao, hivyo wanyamaze. Tunawaheshimu kwa imani yao, lakini Kanisa lililohubiri Msalaba katika milima hii ndilo pia lililojenga Hospitali ya Mtakatifu Yohane pale Lugarawa. Kuungana na Kristo katika mateso yasiyoepukika ni neema; kuyaacha mateso yanayozuilika kwa ubao chini ya miguu na kuinuka kila nusu saa si fadhila. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua faili la kwanza, kila mmoja wetu aanze kwa kukitazama kiti chake.