Unaamka ni kama umegongwa na mat? Cheki kile ulidishi jana

Wasee, tuongee ukweli. Ukiamka umechoka, kila mtu anakuboesha na hata simu hutaki kushika, kitu ya kwanza unalaumu ni stresi. Sawa, stresi iko. Rent iko, job hakuna. Lakini kuna mshukiwa mwingine hatumcheki: sahani yako.

Tuanze na usiku. Kafeini iko kwa kahawa, strungi na enaji, na haitoki mwilini haraka. Baada ya karibu masaa 5, nusu yake bado inazunguka kwa damu. Kwa hivyo ukipiga chupa ya enaji saa mbili usiku ndio ucheki mechi, saa saba bado uko na nusu chupa mwilini. Unaweza lala, lakini usingizi ni ule mwepesi. Keg nayo inakudanganya. Inakuzima haraka, halafu ikifika usiku wa manane inaanza kukuamsha-amsha.

Asubuhi ndio mambo inaharibika. Ukikosa usingizi, homoni ya njaa inaitwa ghrelini inapanda, na leptini, ile hukuambia umeshiba, inashuka. Ndio maana ukikesha hutamani githeri, unatamani mandazi, soda na chipo. Sukari inapanda kwa damu mbio, unaskia uko juu. Ikishuka, unashuka nayo: usingizi saa nane mchana, hasira bila sababu. Unarudi kwa enaji, na usiku macho iko kodo tena.

Sasa, ukibadilisha dishi, mudi inabadilika? Mwaka wa 2019, watafiti wa Macquarie University kule Australia walichukua vijana 76 wa miaka 17 hadi 35 wenye dalili za msongo wa mawazo na waliokuwa wakila vibaya. Nusu waliambiwa waongeze mboga, matunda, samaki na njugu, wapunguze soda na vyakula vya viwandani. Wengine waliendelea kama kawaida. Baada ya wiki 3 tu, dalili za wale wa kwanza zilikuwa zimepungua. Hawa wengine, hakuna mabadiliko ya maana. Utafiti ni mdogo, lakini unafungua macho.

Na hauhitaji doh ya Westlands. Omena iko na mafuta aina ya omega-3, sawa na samaki wa bei. Madondo na ndengu zinashikilia tumbo bila kupandisha sukari mbio. Managu na terere ziko na madini ya chuma, na ukikosa chuma unachoka hovyo, sana sana madem wakiwa kwa periods. Lakini usishushie na chai hapo hapo, juu chai inazuia mwili kuchukua hiyo chuma. Ngoja kama saa moja hivi.

Mahali pa kuanzia: enaji na kahawa ziishie saa nane mchana, supper uile masaa 2 ama 3 kabla ya kulala, na asubuhi ongeza yai ama njugu kwa ile chai na mkate.

Lakini skia, managu si daktari. Kuna wasee wanadishi poa na bado wako chini. Kama huzuni imekushika zaidi ya wiki 2, ama unafikiria kujidhuru, usingoje wiki 3 za omena. Ambia mtu unayemwamini leo, na uende hosi.