Kadi ya Harusi Imefika Mgeta: Tuvae Nini?

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mkulima wa Mgeta, na kwa miaka mingi umekuwa ukiteremsha kabichi na karoti zako hadi mjini Morogoro, kwa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kihindi. Leo amekupa kadi: binti yake anaolewa, nawe umealikwa pamoja na mkeo. Nyumbani furaha inageuka swali: tuvae nini? Wapo wanaosingizia ugonjwa wasiende. Wapo pia wanaochukua fedha za mbegu wakanunue sari. Njia zote mbili hazifai.

Kwanza uliza ni harusi ya dini gani, maana Wahindu, Waislamu, Masingasinga na Wagoa kila mmoja ana desturi zake. Kwa Waislamu, kwa mfano, mwanamke ajifunike kichwa.

Tuchukue harusi ya Wahindu wenye asili ya Gujarati. Kwa mila yao bibi arusi huvaa sari nyeupe yenye pindo jekundu, iitwayo panetar, ambayo hutolewa na mjomba wake. Mluguru, ambaye ukoo wake hufuata upande wa mama, hana haja ya kuelezwa uzito wa zawadi ya mjomba. Basi mgeni wa kike asivae nyekundu tupu, asije akaonekana anashindana na bibi arusi. Nyeupe tupu kwao ni vazi la msiba, na nyeusi tupu hudhaniwa kuwa na nuksi. Kijani, manjano, buluu na zambarau zote zinakaribishwa.

Je, sari ni lazima? La, hasha. Gauni refu la kitenge, lenye mikono, latosha kabisa. Doti ya kanga nayo yafaa, ila soma kwanza maandishi yake: kanga ya kijembe haiendi harusini. Wenyeji wakikuazima sari, ipokee kwa heshima. Kitambaa hicho kina urefu wa meta 5 au zaidi, kwa hiyo mwombe mama mwenye nyumba akufunge.

Mwanamume avae suruali iliyopigwa pasi na shati safi. Suti si sharti. Viatu huvuliwa kabla ya kukaribia moto mtakatifu ambao maarusi huuzunguka, hivyo hakikisha soksi hazina matundu. Wakati wa masika tia viatu vya mjini mkobani, uvivae ukishavuka matope ya mlimani. Nguo iwe pana, maana huenda mkaketi chini. Sweta ya alfajiri ya Mgeta utaivua mwenyewe, kwani Morogoro ni joto.

Ndugu msomaji, aliyekualika amekujua kwa mizigo yako ya kabichi na uaminifu wako, wala hakuialika sari. Nenda safi, nenda na heshima, na fedha za mbegu ziache zirudi shambani.